Kupambanua Viumbe: Kondoo, Mbu na Mbuyu

Mwezi huu twataka kuzungumza habari ya neno ambalo kila mchungaji wa Ugogo hujifunza tangu utoto wake, ijapokuwa hakulisoma kitabuni. Neno lenyewe ni kupambanua kiumbe na kiumbe, kujua kama hawa wawili ni wa namna moja ama ni wa namna mbili. Laonekana kuwa neno dogo, la watu wenye nafasi ya kukaa na kuhesabu miguu ya wadudu. Sivyo. Katika nchi yetu uhai wa watoto na wa majirani umelitegemea, nasi tutaona kwa nini.

Makosa katika kazi hii ni mawili. La kwanza ni kuvihesabu vitu viwili kuwa kimoja, kwa kuwa vyafanana. La pili ni kukihesabu kitu kimoja kuwa viwili, kwa kuwa chaonekana katika sura nyingi. Tutayatazama yote mawili, lakini kwanza twende zizini.

Tazameni ng'ombe wa Ugogo watokapo asubuhi. Yuko mweusi, yuko mwekundu, yuko mweupe, yuko mwenye mabaka. Huyu pembe zake ndefu, yule fupi. Kila rangi ina jina lake, na mfugaji huyajua majina hayo kama ajuavyo majina ya watoto wake. Walakini fahali mweusi akimpanda mtamba mwekundu, ndama huzaliwa, hukua, naye huzaa. Hakuna mfugaji asemaye kwamba ng'ombe weusi ni wanyama wengine na wekundu ni wengine. Rangi ni nguo tu.

Sasa watazameni mbuzi na kondoo. Kondoo wetu hawana sufu nene kama wale wa Ulaya. Malaika yao ni mafupi, hata mgeni aliyezoea kondoo wa kwao huweza kusimama mbele ya kundi asijue yupi ni yupi. Mtoto mchungaji humfundisha mara moja: mkia wa mbuzi husimama, mkia wa kondoo huning'inia nao una mafuta, mbuzi hunyosha shingo kutafuta majani ya vichaka, kondoo huinama kutafuta nyasi. Wanyama hawa hulishwa pamoja na kulala pamoja mwaka baada ya mwaka, wala vizazi vyao havichanganyiki. Ikitukia mimba kutungwa kati yao, jambo lililo nadra mno, kwa kawaida huharibika. Basi ng'ombe wasiofanana ni wamoja, na mbuzi na kondoo wafananao ni wawili. Ndiyo maana kuwatenga kondoo na mbuzi ilikuwa kazi ya mchungaji aliyewajua, si ya mpita njia.

Katika mambo haya ya zizini twapata kanuni yetu. Usiulize kwanza kama wanafanana. Uliza: Je, huzaana? Tena uliza: Je, watoto wao nao huzaa? Swali la pili lina maana. Punda wetu, ambao huchukua maji na kuni katika vijiji vingi vya Dodoma, wakizalishwa na farasi huleta mnyama mwenye nguvu aitwaye nyumbu (si yule nyumbu wa porini). Mnyama huyo hufanya kazi vizuri, lakini yeye mwenyewe ni tasa, isipokuwa kwa nadra sana. Sababu yake ni hii: katika kila chembe ya mwili mna nyuzi ndogo mno zichukuazo urithi, ziitwazo kromosomu. Farasi ana 64, punda ana 62, na mtoto wao hupata 63, hesabu isiyogawanyika sawasawa anapotaka kuzaa. Basi punda na farasi ni majirani wa karibu, lakini si wa nyumba moja.

Kundi la viumbe wazaanao hivyo, na uzao wao ukazaa, wenye elimu huliita spishi. Bwana Ernst Mayr, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi yake Marekani, aliieleza kanuni hii katika kitabu cha mwaka wa 1942, nayo imefuatwa na wengi. Na desturi ya kuzipa spishi majina ilisimamishwa na Bwana Carl Linnaeus wa Uswidi, katika vitabu vyake vya mwaka wa 1753 juu ya mimea na mwaka wa 1758 juu ya wanyama. Yeye alikipa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, la kwanza kama jina la ukoo, la pili kama jina la mtu mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa Kondoa na mtu wa Japani wakiandika jina hilo, wote wawili wanasema habari ya kiumbe kile kile.

Yafaa kukiri kwamba kanuni hii haifiki kila mahali. Wanyama waliokufa zamani na kubaki mifupa tu hatuwezi kuwajaribu. Vijidudu vingine vidogo sana hujigawanya tu, bila dume wala jike. Mimea mingine ya spishi mbili huzaana bila shida. Ndiyo maana wataalamu hutumia mashahidi wengi: umbo, sauti, makao, na urithi ulio ndani ya chembe. Shahidi mmoja akinyamaza, mwingine huulizwa.

Tuje sasa kwenye kosa la kwanza, la kuviona viwili kuwa kimoja. Hapa twaondoka zizini na kuingia nyumbani, maana tunazungumza habari ya mbu.

Mwaka wa 1897, huko India, daktari Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu. Mbu wachukuao ugonjwa huu kwa watu ni wa ukoo uitwao Anofelesi. Akitua ukutani huinua sehemu ya nyuma na kuinamisha kichwa, kama msumari uliopigwa mshazari. Mbu wa kawaida wa kelele hulala sambamba na ukuta. Jike peke yake ndiye anyonyaye damu. Hayo walimu wengi wayajua. Lakini ukoo ni mkubwa, na katika ukoo mmoja mna wema na wabaya.

Mwaka wa 1902 mbu mmoja wa Afrika alipewa jina Anopheles gambiae. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa spishi moja, mwambukizaji mkuu wa malaria katika Afrika. Walakini habari zake hazikupatana. Mahali pengine ilisemwa kwamba huwauma watu tu, mahali pengine kwamba huwafuata ng'ombe. Huku alilala nyumbani, huku alilala nje. Pwani alikutwa hata katika maji ya chumvi. Je, ni mbu mmoja mwenye tabia nyingi, ama ni mbu wengi wenye sura moja?

Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, wataalamu kama Bwana Davidson wa London na Bwana Hugh Paterson wa Afrika Kusini waliitumia kanuni ile ile ya zizini. Waliwazalisha pamoja mbu waliotoka nchi mbalimbali. Watoto wakazaliwa, lakini madume yao wakawa tasa kama nyumbu. Ndipo ilipojulikana kwamba chini ya jina moja walijificha kadhaa. Yuko gambiae mwenyewe, apendaye sana damu ya mtu na kulala ndani ya nyumba. Yuko Anopheles arabiensis, astahimiliye nchi kavu kama yetu, aumaye mtu na ng'ombe, ndani na nje. Yuko Anopheles merus wa pwani, azaliaye katika maji yenye chumvi. Yuko Anopheles quadriannulatus, ambaye hutaka damu ya wanyama wala hahesabiwi katika wachukuao malaria kwa watu. Kazi hiyo haikuishia hapo. Mwaka wa 2013 mwingine wa Afrika ya Magharibi alitengwa na kuitwa Anopheles coluzzii. Kwa macho hawapambanuliki. Siku hizi mguu mmoja wa mbu hupelekwa maabara, urithi wake ukasomwa, jina likajulikana.

Pengine msomaji atauliza, "Mbu ni mbu, huniuma, faida gani kujua majina yao?" Jibu lilitoka Upare. Kati ya mwaka wa 1955 na 1959, nyumba za Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, zilinyunyiziwa dawa iitwayo dieldrin. Mbu mbaya wa huko, Anopheles funestus, karibu atoweke. Lakini upande wa Pare ya Kusini baadaye wakaonekana tena mbu wa sura ile ile. Mtu asiyejua angalisema kwamba dawa imeshindwa na fedha zimepotea. Wataalamu Gillies na Smith wakachunguza kwa makini, hata viluwiluwi majini, wakakuta kwamba hao si funestus bali ni ndugu yake, Anopheles rivulorum, ambaye huwafuata ng'ombe zaidi kuliko watu. Wakaandika habari hiyo mwaka wa 1960. Nyumba ilikuwa imeondokewa na mwizi, akaja jirani yake aliyefanana naye.

Na mfano wa pili ni wa siku zetu. Katika bonde la Kilombero, vyandarua vyenye dawa vilipoenea, gambiae alipungua sana, kwa kuwa yeye huingia ndani usiku na kukutana na dawa. Arabiensis akabaki, kwa kuwa huweza kuuma nje mapema jioni na kujishibisha kwa ng'ombe. Tena funestus, ambaye hukaa kwenye maji ya kudumu, ameonekana huko kuwa mwambukizaji mkuu. Kwa hiyo silaha moja haiwatoshi wote. Ninyi mlio na zizi karibu na mlango, kama ilivyokuwa katika matembe ya wazee wetu ambamo watu na mifugo walikaa boma moja, jueni kwamba mbu wa ng'ombe wenu na mbu wa watoto wenu huweza kuwa yule yule. Chandarua kisiachwe hata kidogo, maana huokoa wengi; lakini na jioni watoto wafunikwe mikono na miguu, na mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku ile ile.

Yuko na mgeni wa kuangaliwa. Anopheles stephensi, mbu wa nchi za Asia, alionekana Djibouti mwaka wa 2012 na Ethiopia mwaka wa 2016, na mwaka wa 2023 Kenya nayo ilitangaza kwamba amekutwa huko. Huyu hapendi madimbwi ya shambani tu. Huzaa katika matangi na mapipa ya maji mjini. Dodoma yetu, iliyopandishwa kuwa jiji mwaka wa 2018, ina matangi na mapipa katika nyua nyingi, kwa sababu maji ni haba. Funikeni matangi yenu. Na afisa wa afya akija kuomba kuchota viluwiluwi, msimwone kuwa mtu asiye na kazi. Anataka kujua jina la mgeni kabla hajawa mwenyeji.

Sasa tugeukie kosa la pili, la kukiona kimoja kuwa viwili. Mfano wake umesimama mbele ya macho yetu, nao ni mbuyu, ambao Wagogo huuita mpela.

Linnaeus aliuita Adansonia digitata, kwa heshima ya Bwana Michel Adanson, Mfaransa aliyeuona Senegal. Ukoo wa mibuyu una spishi nane: sita za Madagaska, moja ya Australia, na huu mmoja wa Afrika bara. Lakini mwaka wa 2012 wataalamu fulani waliandika kwamba wa Afrika ni miwili. Walisema kwamba katika nchi za juu za mashariki na kusini mwa Afrika, kati ya mita 650 na 1,500 juu ya bahari, mna mbuyu mwingine wenye maua madogo zaidi na kromosomu nusu ya zile za mbuyu wa kawaida. Wakauita Adansonia kilima, kwa neno la Kiswahili. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, basi neno hili lilihusu mibuyu yetu hasa.

Je, ni kweli? Wataalamu wengine wakaenda kupima upya, wakatoa jibu mwaka wa 2016. Walikuta kwamba vipimo vya maua havigawanyiki makundi mawili. Vyaingiliana, kutoka kidogo hata kikubwa, bila mpaka. Kromosomu nazo hazikuthibitisha mgawanyo. Wakamaliza kwa kusema kwamba mbuyu wa Afrika bara ni mmoja, wenye sura nyingi.

Akina mama waokotao ubuyu hawatashangaa. Wajua kwamba mti huu hutoa mabuyu marefu na ule ya mviringo. Unga wa huu ni mtamu kidogo, wa ule ni mkali hata kukunja uso. Wala hawasemi kwamba ni miti miwili. Neno la kushika ni hili: tofauti peke yake haifanyi spishi mpya. Katika kila spishi mna tofauti, kama katika kila nyumba mna mrefu na mfupi. Tunapotaka kutenga, tutafute mpaka, si tofauti tu. Tena tuwaheshimu waliosema neno lao wazi mwaka wa 2012 na waliolipima mwaka wa 2016, maana ndivyo elimu inavyokwenda.

Lakini kosa hili la pili, likitoka kwenye miti na kuingia kwa watu, huwa kosa la damu.

Wanadamu wote ni spishi moja. Hapa uwandani kwetu ushahidi wake ni mwingi kuliko mahali pengi. Kondoa na pande zake wako Warangi wasemao lugha ya Kibantu, Waburunge wenye lugha ya Kikushi, Wasandawe wenye lugha ya vidoko, na Wataturu wa jamii ya Waniloti. Lugha za Afrika zilizo mbali sana zimekutana katika wilaya chache. Nao huoana, huzaa, na wajukuu wao huzaa. Kanuni ya zizini yatoa hukumu bila shaka: ni nyumba moja.

Na mtu mwenye ualbino ni wa nyumba hiyo hiyo. Yakadiriwa kwamba katika Tanzania ni mtu mmoja katika 1,400 hivi. Si mzimu, si dawa, si namna nyingine ya mtu. Urithi wa ngozi na macho yake ulipata upungufu wa ile rangi nyeusi, basi. Mtoto huzaliwa hivyo pale alipoupokea urithi huo kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe huweza kuwa weusi, kila mmoja akiuchukua bila kujua. Hapo kwa kila mimba, nafasi ni moja katika nne kwamba mtoto atakuwa na ualbino. Kwa hiyo mume asimshutumu mkewe kwa uzinzi wala kwa uchawi. Nusu ya urithi huo ilitoka kwake yeye.

Tulisahau jambo hilo, na matunda yake yalikuwa machungu. Hasa tangu mwaka wa 2007, makumi ya ndugu hawa, na watoto wadogo miongoni mwao, waliuawa au kukatwa viungo katika nchi yetu, kwa ajili ya waganga waliouza uongo kwamba miili yao huleta mali. Msingi wa uongo huo ulikuwa kosa la kupambanua: kumtazama mtu na kusema, "Huyu si mtu kama sisi." Mwaka wa 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Bwana Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Wao walipambanua vema.

Kwenu ninyi walimu nawaachia kazi mbili. Ya kwanza ni ya somo. Mvua zikinyesha na mibuyu ikitoa majani, watoto wachume majani hamsini ya mti mmoja, wahesabu vidole vya kila jani. Watakuta matano, sita, saba, pengine na zaidi. Na mche mchanga majani yake hayana vidole kabisa. Kisha waulizeni: Je, huu ni mti mmoja ama miti mitatu? Waache wabishane mpaka wapate jibu na sababu yake.

Kazi ya pili ni ya darasani. Kama kati ya watoto wenu yumo mwenye ualbino, mkalisheni mbele karibu na ubao, maana macho yake huona kwa shida. Avae kofia pana na mikono mirefu, asisimamishwe juani wakati wa michezo. Na wazazi wake waambiwe kwamba mafuta ya kukinga ngozi hutengenezwa nchini, huko Moshi katika hospitali ya KCMC. Na mtoto mwingine akiuliza kwa nini mwenzake ana rangi ile, msimkemee. Mpelekeni zizini, mkamwonyeshe ndama mweupe anyonyaye kwa mama mweusi, kisha mwulizeni kama ndama yule si ng'ombe.